Matanga ya Dhoruba Isiyotabiriwa

Nilifika Kiangazini nikiwa nimelowa chapachapa, na hilo likawa kosa langu la kwanza katika nchi ile.

Askari wa lango alinitazama tangu kofia mpaka viatu, akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia nimenyeshewa njiani, mvua ya radi, tangu asubuhi. Akafungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye mistari ya mwezi ule, kisha akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya aibu.

"Leo hakuna mvua, bwana."

"Na maji haya?" nikamwuliza, nikikamua mkono wa kanzu mbele yake.

"Hayo ni yako."

Akaandika mbele ya jina langu: amelowa kwa sababu zake mwenyewe. Akanigongea muhuri, akanikaribisha.

Mimi ni fundi wa vioo. Nasaga lenzi za miwani na za darubini, kazi niliyorithi kwa mjomba wangu, na nilikuwa nimeitwa kusafisha darubini kubwa ya Nyumba ya Jua, ambayo haikuwa imefunguliwa na fundi kwa miaka kumi na minne. Nilikaa Kiangazini siku ishirini na moja. Ninayoyaeleza hapa niliyaona kwa macho yangu, au niliyasikia kinywani mwa aliyepatwa nayo. Sikuongeza kitu. Pengine nimepunguza, maana mengine sikupata namna ya kuyasema.

Katika nchi ile hali ya hewa ni jambo la sheria kabla ya kuwa jambo la mbingu. Juu ya kilima ipo Nyumba ya Jua. Kila asubuhi darubini huelekezwa juani, na sura ya jua huangushwa juu ya kitambaa cheupe, duara la mwanga lenye ukubwa wa sinia. Ndani ya duara lile huonekana madoa meusi, na makarani huyahesabu na kuyachora mahali yalipo. Kutokana na madoa hayo Nyumba hutabiri. Ikipandisha bendera nyeupe, shwari. Ikipandisha nyekundu, dhoruba. Kifungu cha kwanza cha sheria kinasema kwamba dhoruba ni ile iliyotabiriwa. Cha pili kinasema kwamba isiyotabiriwa haikutokea.

Vifungu vingine vinafuata hivyo viwili kama vifaranga wanavyomfuata kuku. Paa haliwezi kung'olewa na upepo ambao haukuvuma. Daraja haliwezi kuzolewa na mto ambao haukujaa. Na mtu aliyeuawa na dhoruba isiyotabiriwa hakufa. Huandikwa katika daftari la mtaa kwamba amesafiri. Maiti yake huzikwa pembezoni, bila sala na bila jina, na jamaa zake hawawekewi matanga. Kuwapa pole ni kuitukana mbingu.

Tena neno "labda" limepigwa marufuku katika ofisi zote. Mtabiri akilitamka hufutwa kazi siku hiyohiyo. Niliuliza sababu, nikaambiwa kwamba neno lile huwatia watu wasiwasi.

Watumishi wa Nyumba ya Jua huitwa Wanajua. Jina hilo linawapendeza, kwa kuwa mtu akilisikia upesi hudhani ni sifa. Wapinzani wao ni Wanahewa, ambao nyumba yao ipo chini ya kilima. Hao husema jua liko mbali mno na halina habari na mapaa yetu. Dhoruba ni mtoto wa hewa, na hewa hupimwa kwa chupa. Walinionyesha chupa yenyewe. Ina maji ya rangi na mdomo mwembamba kama wa birika, na hewa inapokuwa nyepesi, maji hupanda mdomoni. Dhoruba ikikaribia hufika juu yakaanza kudondoka. Sheria inawaruhusu Wanahewa kupima. Haiwaruhusu kuonya. Vipimo vyao hupelekwa Barazani mwisho wa kila mwezi, kwa ajili ya mjadala, na mjadala huo wa jua na hewa, nilipofika, ulikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja.

Nilipangiwa kukaa kwa Ngwali, kwa kuwa daftari la mtaa lilionyesha kwamba ana vyumba vitupu. Alikuwa mtu wa miaka arubaini hivi, mwezekaji wa mapaa ya makuti, mikono yake imejaa alama ndogondogo za mikato. Alinipa chumba cha mbele. Cha nyuma kilikuwa hakipo. Ukuta wake ulikuwa umelala chini, chungu ya udongo iliyokwisha kuota majani, na juu yake hapakuwa na kitu ila mbingu.

Nilimwuliza, mimi mgeni nisiyejua, kwa nini fundi wa mapaa akae katika nyumba iliyo wazi namna ile.

"Siruhusiwi kuitengeneza," akasema. "Ukarabati unahitaji cheti cha uharibifu. Cheti kinahitaji sababu. Sababu haikutokea."

Aliyasema hayo bila uchungu, kama mtu anayesoma kitu alichokariri utotoni.

"Na wenye chumba?"

"Wamesafiri."

Sikuuliza zaidi. Nilidhani mkewe amemkimbia. Siku tatu tulikunywa uji pamoja asubuhi, tukizungumza juu ya makuti na juu ya vioo, na nikamwona kuwa mtu mwema asiyependa maneno. Siku ya nne, nikiwa napuliza kikombe changu, alianza kusema mwenyewe.

"Miezi saba iliyopita walipandisha bendera nyeupe. Siku kumi za shwari. Mimi nilikuwa nimewaezekea watu mwaka mzima, na kwangu panavuja. Mke wangu Mwanatumu akawa ananicheka, 'Mganga hajigangi.' Basi nikasema siku kumi zinanitosha. Nikapanda asubuhi, nikaezua nyumba nzima, paa likabaki mbavu tupu. Binti yangu Raya alikuwa ananiokotea makuti mabovu anayapeleka jikoni. Mbwana alikuwa bado hajajua kutembea vizuri, anashika ukuta. Adhuhuri nikaenda ng'ambo ya mto kuchukua makuti mapya. Nikiwa huko, mbingu ikageuka."

"Bendera ilikuwa nyeupe?"

"Ilikuwa nyeupe mpaka ilipochanika. Mto ukajaa, sikuweza kuvuka. Nikasimama ng'ambo. Nyumba yangu naiona, na siifikii. Waliingia chumba cha nyuma, wakajibanza ukutani, maana ndipo palipokuwa na kinga kidogo ya upepo. Ukuta wa udongo, Fundi, ukiuvua paa ukaunyeshea, unakuwa uji. Niliuona ukienda. Haukuanguka kwa kishindo. Ulilala tu."

Nilitaka kumpa pole. Neno lilinifika mdomoni, nikakumbuka sheria, nikamtazama. Akalitambua, akatikisa kichwa.

"Usiseme. Wewe ni mgeni, watakufunga. Jirani mmoja alifungua kinywa siku ile, akakumbuka ana watoto, akakifunga. Simlaumu."

"Na kulia je? Kulia nako kumekatazwa?"

"Kulia unaruhusiwa. Ila wakikuuliza unalilia nini, uwe na jibu. Mimi sikuwa na jibu wanalolikubali. Nikajizuia. Sasa hata nikiyataka machozi hayaji."

Akanionyesha barua aliyoliandikia Baraza. Ilikuwa na mistari minne. Hakudai nyumba wala fidia. Aliomba neno moja libadilishwe katika daftari la mtaa: palipoandikwa "wamesafiri" paandikwe "wamekufa". Barua ingesikilizwa baada ya majuma mawili.

Siku hiyo nilikwenda kilimani nikiwa na hasira, nikitaka kumwona Msomajua Mkuu, mkuu wa Nyumba ya Jua, kuwa jitu. Haikuwezekana. Mzee Hamdun, maana ndilo jina lake, alikuwa mtu wa miaka sabini, mpole, mwenye macho yaliyopauka kama maji ya mchele. Alikuwa amelitazama jua kwa macho matupu katika ujana wake, kabla kitambaa hakijaanza kutumika, na sasa alikuwa haoni ila kivuli na mwanga. Makarani walimsomea madoa naye akayapanga kichwani. Kila asubuhi aliniuliza nimelalaje na kama nimepata chai. Nilipomwuliza kama ni kweli jua linaweza kumwambia mtu habari za kesho, alianza mbali.

"Babu zetu waliona kwamba katika miaka yenye madoa mengi, mbingu haitabiriki kama katika miaka mingine," akasema. "Waliliona hilo kwa miaka, Fundi, si kwa siku. Kisha Baraza likatuuliza, 'Na kesho je?' Tukaona haya kusema hatujui."

"Sasa mnaijuaje kesho?"

"Kwa Doa Tulivu."

Madoa mengine ya jua, alinieleza, hutembea. Leo doa liko ukingoni, baada ya siku kadhaa liko katikati, baadaye linapotelea upande wa pili. Doa Tulivu halitembei. Lipo palepale siku zote, dogo, jeusi, kushoto kidogo ya kitovu cha jua. Madoa mengine yakilisogelea, dhoruba inakuja. Yakikaa mbali nalo, shwari. Kanuni nzima ya Nyumba ya Jua ilijengwa juu yake. Mashairi yameandikwa juu ya uaminifu wake, na watoto hufundishwa kuliiga. Lilionekana kwa mara ya kwanza miaka kumi na minne iliyopita.

Mtu wa kazi yangu akisikia kwamba jambo limeanza mwaka uleule kifaa kilipofunguliwa mara ya mwisho, hukishuku kifaa kwanza. Siku ya kumi na mbili nilifungua bomba la darubini. Nikatoa vioo viwili vya mwisho vilivyokaa uso kwa uso, nikavitenganisha. Baina ya vioo hivyo, kushoto kidogo ya kitovu, alikuwamo sisimizi mkavu.

Nilikaa naye mkononi kwa muda. Kisha nikawaomba makarani watoke, nikamwambia Mzee Hamdun.

Hakuniambia ninasema uongo. Aliuliza tu, "Ana miguu?"

"Mitano. Mmoja umekatika."

"Niwekee mkononi."

Nikamweka katika kiganja chake. Alitaka kumjua, na hakuwa na njia nyingine ya kumjua ila kumpapasa. Akapitisha ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayegusa uso wa mtoto mchanga. Sisimizi wa miaka kumi na minne hawezi kupapaswa. Akawa vumbi.

"Ameondoka?" akauliza.

"Ameondoka, Mzee."

Alikunja kiganja, akakaa hivyo. "Siku ile ya mwezi wa tatu," akasema mwishowe, "madoa yote yalikuwa mbali naye. Nilisema shwari siku kumi. Nilisema kwa sauti kubwa, nilikuwa na furaha. Watu wangapi walisafiri, Fundi?"

Nikamwambia kwamba idadi ya wote siijui. Wa nyumba ninayokaa mimi ni watatu. Nikamtajia majina yao. Akanirudishia jina la Mbwana mara mbili, kuhakikisha kwamba amelishika.

Siku ya kumi na nane Baraza lilikaa, ndani ya Nyumba ya Jua. Ukumbi ulijaa, Wanajua kulia, Wanahewa kushoto, na Mwenyekiti kati, mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza. Ngwali alisoma mistari yake minne akasimama akingoja. Niliona kwamba wengi hawakuwa wamekuja kwa ajili yake. Walikuja kwa sababu barua yake ilikuwa imewapa mahali pa kupiganisha jua na hewa.

Naibu wa Mzee Hamdun alisema kwa saa nzima kwamba kuikubali dhoruba ile ni kulifanya jua kuwa mwongo, na nchi inayoliita jua mwongo itaamka asubuhi kwa ajili ya nini? Alipigiwa makofi. Kisha akasimama Bi Aluwia, mkuu wa Wanahewa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya ukweli, naye alikaa mtaa uleule wa Ngwali. Alikuwa na kitabu chake cha vipimo.

"Siku ile," akasema, "maji ya chupa yalianza kupanda alfajiri. Saa tatu ya asubuhi yalikuwa yanadondoka. Hayajawahi kudondoka namna ile tangu nyumba yetu ijengwe. Waheshimiwa, huu ndio ushahidi tulioungoja kwa miaka thelathini na mmoja!"

Wanahewa wakasimama kwa shangwe. Mmoja alirusha kofia juu. Bi Aluwia alikuwa akitabasamu, na nadhani alikuwa na haki ya kutabasamu, kwa kuwa alichosema kilikuwa kweli tupu. Ngwali alikuwa bado amesimama.

"Naomba kuuliza," akasema. "Saa tatu, Bi Aluwia?"

"Saa tatu kamili."

"Saa tatu nilikuwa juu ya paa. Ulipita."

Bi Aluwia akateremsha kitabu chake.

"Ulikuwa na kikapu. Ukaniambia, 'Kazi hiyo, Ngwali.' Nikakuambia, 'Ndiyo, dada.' Raya akakupokea kikapu, akakusindikiza nacho mpaka kwenye kona."

"Sheria haituruhusu kuonya," akasema Bi Aluwia, na tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Najua."

"Ningefungwa, Ngwali. Nyumba yetu ingefungwa. Tulikuwa tunangoja..." Akanyamaza, maana alisikia mwenyewe walichokuwa wakikingoja.

"Sikuulizi sheria. Nakuuliza kama ulikuwa umeyaona yale maji ulipokuwa ukinitazama."

"Nilikuwa nimeyaona."

Ngwali akaketi.

Hapo ndipo Mzee Hamdun aliposimama. Alishika bega la mtu wa mbele yake, akalielekea Baraza mahali alipodhani lipo. Akasema kwamba Doa Tulivu alikuwa sisimizi. Kwanza wakacheka, wakidhani ni mfano. Akarudia. Kicheko kikazimika, kelele zikaanza, naye akaendelea kusema chini ya kelele zile bila kupaza sauti, na mimi niliyekuwa karibu nilimsikia.

"Labda jua lina neno la kutuambia juu ya miaka ya dhoruba. Labda hewa ina neno la kutuambia juu ya siku yake. Labda tulivihitaji vyote viwili, na bado tusingeijua saa. Tungemwambia mtu huyu hivyohivyo, bila uhakika. Angeshuka kutoka juu ya paa kwa labda moja tu."

Karani aliinua kalamu, akamwuliza Mwenyekiti neno lile linaandikwaje.

"Usiliandike," Mwenyekiti akasema. Kisha akamgeukia Mzee Hamdun. "Sisimizi mwenyewe yuko wapi?"

"Nimemsaga kwa kidole."

Wakaagiza kitambaa kikaletwa na darubini ikaelekezwa dirishani. Sura ya jua ikaanguka, safi, na madoa saba ya kawaida, na kushoto kidogo ya kitovu hapakuwa na kitu. Naibu alinyoosha mkono. Hakukinyooshea kitambaa, alininyooshea mimi.

Maazimio ya Baraza yalisomwa kabla ya chakula cha mchana. La kwanza, kwamba fundi mgeni ameondoa doa katika jua la Kiangazini, naye aondoke nchini kabla ya siku tatu kupita. La pili, kwamba Msomajua Mkuu amechoka, apumzike. La tatu, kwamba ombi la Ngwali ni la haki kabisa, na litajibiwa mara tu mjadala wa jua na hewa utakapofikia mwisho.

Tulirudi nyumbani mimi na Ngwali. Nilikuwa nikimfikiria Bi Aluwia, na sikuweza kumchukia kama nilivyotaka. Mimi mwenyewe niliwahi kumsagia miwani mshona nguo mmoja, nikiona wazi kwamba macho yake yanakufa na kwamba miwani haitamfaa mwaka. Hakuna sheria iliyonizuia kumwambia. Nilimtakia siku njema tu.

Alasiri hiyo Mzee Hamdun alikuja, amevaa kanzu ya nyumbani, akipapasa njia kwa bakora. Nilikuwa nafunga vyombo vyangu. Ngwali alikuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi. Akamwambia, "Karibu, Mzee, keti." Mzee hakuketi.

"Ngwali, mwanangu," akasema. "Mkeo amekufa. Raya amekufa. Mbwana amekufa. Dhoruba ndiyo iliyowaua, na mimi ndiye niliyesema haiji. Pole, mwanangu. Pole sana."

Ngwali alimtazama. Aliliweka bakuli chini kwa uangalifu, kana kwamba hilo ndilo jambo kubwa la siku ile. Kisha akaketi chini, na sauti ikamtoka ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, ya miezi saba yote kwa pamoja, akalia akiwaita kwa majina. Mzee Hamdun aliinama akalitafuta bega lake kwa mkono, akalipata, akabaki amelishika.

Kilio kile kilisikika mtaani. Mwanamke wa nyumba ya pili alitokea mlangoni kwake, akatazama juu kilimani, akatutazama sisi. Akarudi ndani. Nilidhani amefunga mlango. Akatoka na mkeka, akavuka njia, akautandika uani, akaketi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Poleni kwa msiba." Nyuma yake akaja mumewe. Ilipofika jioni, uani hapakuwa na nafasi. Walileta mchele, walileta kuni, walipika. Wanaume walikwenda pembezoni mwa makaburi na Ngwali akawaonyesha mahali, wakasimama safu, wakasoma dua waliyopaswa kuisoma miezi saba nyuma. Wapo waliokuwa na wasafiri wao wenyewe katika daftari; hao walilia kuliko wengine. Mkaguzi wa mtaa alikuja siku ya pili kuandika majina ya waliohudhuria. Aliandika kurasa mbili, akalia, akaenda zake. Nilisikia baadaye kwamba majina aliyafikisha yalikotakiwa, na kwamba watu kumi na wanane walihojiwa. Kiangazini haikugeuka kuwa nchi nyingine kwa sababu ya matanga yale, na sipendi mtu afikiri hivyo.

Siku ya tatu, iliyokuwa ya mwisho ya ruhusa yangu, Bi Aluwia alikuja. Hakuingia. Alisimama ng'ambo ya njia tangu asubuhi, amejifunika kanga, peke yake. Wanawake walimwona, na hakuna aliyemwita. Jua lilipanda mpaka utosini akawa bado amesimama. Ngwali aliponiaga na kunisindikiza hadi mlangoni, akamwona. Aliniambia nisubiri, akavuka njia.

"Umekuja kuhani, Da Aluwia?"

"Nimekuja. Sijui kama nina haki."

"Siku ile uliniambia, 'Kazi hiyo, Ngwali.' Ulikuwa na neno jingine mdomoni."

"Nilikuwa nalo."

"Liseme."

"Ngwali, litakufaa nini sasa?"

"Liseme, dada. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Bi Aluwia alifumba macho. Alipoyafumbua aliinua uso juu, ingawa Ngwali alikuwa amesimama mbele yake, akaanza kusema kama na mtu aliye juu ya paa.

"Ngwali, shuka. Usiezue leo. Upepo mkubwa unakuja kabla ya jua kutua. Mchukue Mwanatumu na watoto, waje kwangu. Kwangu ni nyumba ya mawe."

"Nimesikia," Ngwali akamjibu. "Ahsante, dada. Tunakuja."

Walisimama hivyo kwa muda, watu wawili katikati ya njia nyeupe kwa jua, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa kanga. Kisha Ngwali akasogea pembeni, akampisha atangulie. Wanawake mkekani wakasongeana wakamwachia nafasi. Bi Aluwia akaketi, akajifunika uso, na kilio kikaanza upya.